Kila Mtu

Saa mbili na dakika kumi, simu ya Namarome:
"Nafuna, mashine zimetugomea."
Hazijafa, anasema. Zinawaka, zinanguruma,
zinauliza jina, zinauliza neno la siri,
kisha zinamtazama mtu wa miaka tisa kazini
kama mgeni aliyekosea mlango.

Nikapanda ngazi za ushirika wa kahawa, Chwele,
juu ya duka la pembejeo, chumvichumvi ikinikereketa koo,
bisibisi mfukoni, waya wa buluu begani
umekunjwa kama kamba ya ndama.
Khaemba wa hesabu hakunisalimu. Alinionyesha kioo:
*Umekataliwa kuingia.*
"Nimeliandika mara saba," akasema.
"Ni jina la mama yangu, Nafuna. Nitakosea jina la mama?"
Akalitaja.
Ofisi nzima ikalijua jina la mama yake.

Nikaanza na waya. Umekaa.
Taa ya swichi inakonyeza kijani.
Nikaiita seva kutoka kila meza, ikaitika
kila wito, papo hapo.
Basi yupo. Anasikia. Hataki.

Seva yao inakaa chini ya meza ya chai,
imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya marehemu babu.
Nikaifunua, nikaiuliza saa.
Ikanijibu Januari mosi ya mwaka
ambao Namarome alikuwa bado darasa la nane.
Stima ilipotea Jumamosi, ikapotea tena Jumapili,
na betri moja, duara, nyembamba kama kifungo cha koti,
ikakata roho mle ndani bila kuaga.
Seva haimwamini mtu anayetoka kesho.

Nikatia betri mpya, nikairudisha saa.
Khaemba akaliandika jina la mama mara ya nane.
Akaingia.
Nikadhani nitafika nyumbani kabla ya mvua.

"Na hili?" Namarome akaniita.
Kabrasha la Malipo.
Chini uani wakulima wameketi juu ya magunia matupu,
wanangoja karatasi moja itoke kwenye printa.
Namarome akabonyeza: *Huna ruhusa.*
Khaemba, aliyeliunda kwa mkono wake: *Huna ruhusa.*
Meneja Sitati akatoka chumbani mwake, akavaa miwani,
akaketi kwa uzito wote wa cheo, akabonyeza.
*Huna ruhusa.*
"Hata mimi?"
Aliiuliza mashine. Mimi sikujibu.

Nikafungua orodha kwa ufunguo wa msimamizi.
Khaemba: kusoma, kuandika.
Namarome: kusoma.
Sitati: yote.
Na juu yao, mstari wa Ijumaa jioni:
Kila Mtu: kataza.

"Nani aliuweka huu?"
Mtu akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa.
Meneja akakohoa.
Ijumaa alisikia kwamba fulani ameuona mshahara wa fulani.
Akawangoja watoke wote. Akafunga.
"Nilimaanisha *wao*," akasema.

Mzee, nikamwambia,
ruhusa kumi haziliwezi katazo moja.
Na mashine haijui *wao*. Inajua Kila Mtu,
na ulipolifungia jina hilo nje
nawe ulikuwa humo.
Usiyetaka aingie, usimwandike tu. Inatosha.

Nikaufuta ule mstari.
Nikaunda kikundi cha watatu, nikakipa jina lisilo na hasira.
Printa ikakohoa, ikatema ukurasa wa kwanza,
Namarome akashuka nao ungali na joto,
nikasikia majina yakisomwa ngazini, moja moja,
na sauti zikiitika: mimi, mimi, nipo.

Mvua ilinikuta palepale.
Khaemba alikuwa anabadilisha neno lake la siri
kama nilivyomwagiza,
polepole, kidole kimoja,
midomo ameibana safari hii.
Sijui aliandika jina la nani.
Alipofika herufi ya mwisho alitabasamu,
akaangalia dirishani kama kwamba hakuna kitu.